Njumu za Bwana Shomari

Nilikuwa nachambua nyanya uani kwangu Ilula, nikitenga zilizoiva mno na zile za kuwauzia abiria wa mabasi, zitakazovumilia safari, redio ikisoma matangazo ya vifo. Ukifika umri wangu unayasikiliza matangazo hayo kwa makini kuliko habari za serikali. Mtangazaji akasema Mwalimu mstaafu Lugano, wa Soweto, Mbeya, amefariki dunia, mazishi keshokutwa, na habari ziwafikie watoto wake waliopo huku na kule, wakwe, mashemeji, na mwisho kabisa, "Mzee Elia, mtafuta wachezaji, popote alipo." Mke wangu akaacha kupepeta. "Elia yupi huyo mtafuta wachezaji?" Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akidhani namtania, kwa kuwa tumeishi pamoja miaka arobaini na hajawahi kunisikia nikitaja mpira hata siku moja. Vijana wakicheza nyuma ya nyumba yetu mimi huingia ndani. Kazi hiyo niliifanya mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa kijana wa miaka ishirini na minne. Niliacha kuizungumzia siku ile ile nilipoiacha.

Siku hizi basi linakutoa Ilula asubuhi na kukushusha Mbeya jua likiwa bado juu. Nilikaa dirishani, begi mapajani, nikitazama lami ikipita pale ambapo zamani palikuwa na utelezi mtupu, nikijiuliza kwa nini wananiita. Mtu uliyemfanyia ubaya akifa, jamaa zake hawakutangazi redioni; wanakulaani kimya kimya na kuendelea na mazishi yao. Nilifikiri labda Lugano aliacha maneno ya kusomwa mbele ya watu. Nilifikiri nishuke Sao Hill nirudi zangu. Sikushuka, lakini naomba msinihesabie hilo kuwa ushujaa, maana nilikuwa nimekwisha lipa nauli na mimi ni bahili.

Timu yetu ilikuwa ya kampuni ya malori na mabasi iliyokuwa na karakana Iyunga, hapo Mbeya, kando ya barabara kuu. Tajiri mwenye kampuni alipenda mpira kuliko magari yake. Wachezaji aliwaandika kama wafagiaji, matarishi na wasaidizi wa mafundi, lakini kila mtu alijua kwamba asubuhi wanashika spana na alasiri wanashika mpira, na mpira ndio uliowaweka pale. Huko kwetu wakati ule hakukuwa na njia nyingine ya kuishi kwa miguu yako. Aliyeisimamia timu alikuwa fundi mkuu, Bwana Shomari, mtu wa Tanga, mfupi, kofia ya kufuma kichwani na grisi chini ya kucha, asiyepaza sauti hata injini ikiunguruma. Mimi nilikuwa winga wake wa kushoto. Nilicheza pekupeku, kama vijana wote wa milimani tulivyocheza, mpaka beki mmoja mwenye njumu akanikanyaga na kunivunja vidole viwili vya mguu. Nilipotoka hospitali Bwana Shomari aliniita karakanani, akanimiminia chai ya tangawizi kwenye kikombe chake mwenyewe, akasema, "Mguu umekwenda, Elia, lakini macho unayo. Nitafutie wachezaji vyuoni. Vijana wa ualimu wanajua kusoma, ukiwaeleza jambo wanalishika." Kisha akanipa mfuko wa turubai. Ndani mlikuwa na jozi moja ya njumu, ngozi ngumu, namba tisa.

Njumu hizo ndizo zilizokuwa kazi yenyewe. Kumwona kijana anacheza vizuri pekupeku, hilo hata mama muuza vitumbua angeliweza. Sharti la Bwana Shomari lilikuwa kwamba ukimpenda mchezaji, unamvalisha njumu palepale, anakimbia mpaka golini na kurudi, anageuka huku na huku, anapiga mipira kumi, kisha anavua na wewe unamtazama visigino. "Timu za mjini zinavaa," alikuwa akisema. "Mguu mtupu kati ya njumu ishirini ni yai, bwana. Wewe unalijua hilo kuliko mimi." Baada ya hapo niliandika barua, nikampa dereva wa basi letu aipeleke Iyunga, na mwisho wa barua, chini ya jina langu, niliandika neno moja tu: Amevaa. Lisipokuwepo neno hilo, Bwana Shomari hakusoma hata yale ya juu. Likiwepo, alimwita mchezaji bila kuuliza la pili. Mwaka ule nilikuwa nimeshamletea watatu, na wote walikuwa wamevaa kweli.

Lugano nilimwona Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, katika chuo cha ualimu cha misheni, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Iringa mjini. Mchana nililishwa pamoja na walimu, viazi vya kuchemsha na maharage, katika chumba chenye meza ndefu na harufu ya sabuni ya sakafu. Mezani kulikuwa na mgeni mwingine, jamaa mwenye kofia pana aliyetumwa na shamba la mkonge la huko Morogoro kwa kazi kama yangu. Tulisalimiana kwa adabu nyingi, na kila mmoja alikula haraka ili amtangulie mwenzake uwanjani. Uwanja wenyewe ulikuwa mteremko, goli moja juu na jingine bondeni, na kijana mfupi mwenye mashavu ya miguu manene alikuwa akipanda mteremko ule na mpira kana kwamba ni tambarare. Mguu wake ulikuwa wa kushoto, kama wangu. Mabeki walikuwa wanafika pale alipokuwa, siyo pale alipo. Nilijikuta nimesimama, mkono kifuani, nikimwonea wivu na kumpenda kwa wakati mmoja. Nikageuka, nikamwona yule wa Morogoro naye amesimama.

Ilipopulizwa filimbi ya mwisho nilimwahi. "Kamwene," nilimsalimu kwa Kihehe changu, naye akacheka, akasema yeye Mnyakyusa wa Rungwe, amekuja huku kusoma tu. Nikamvuta nyuma ya jiko, nikakaa chini na kufungua mfuko. Hapo ndipo nilipoitazama miguu yake kwa karibu. Ilikuwa mipana, vidole vimetanuka, kila kimoja kimeshika njia yake, miguu iliyopanda milima na kukanyaga tope la shamba tangu siku ilipojua kutembea. Nilizitazama njumu, nikaitazama miguu, na nilijua. Kengele ya sala ikalia. Mkuu wa chuo akatokea mlangoni. Yule wa mkonge alikuwa anakuja akipangusa kofia yake. Nikafunga mfuko. Mara nyingi nimejitetea kwamba ni kengele, lakini nilikuwa na Jumapili nzima mbele yangu, na Jumapili alasiri Lugano alikaa na mimi kwa saa mbili kwenye ngazi za kanisa tukizungumza, mfuko uko kati yetu, wala sikuufungua. Niliogopa jibu. Jioni ile, katika mgahawa wa Iringa, mbele ya kikombe cha chai, niliandika barua ndefu kuliko zote, na chini ya jina langu nikaandika Amevaa. Nilijiambia kwamba siyo uongo, ni kweli iliyotangulia kidogo.

Mkuu wa chuo alikuwa mchungaji mrefu aliyesema taratibu, na hakuwa mtu wa kuzungushwa. Niliporudi chuoni na mwito wa Bwana Shomari, alikubali kumpa Lugano ruhusa kwa mechi moja mwezi wa kumi na moja, aondoke Alhamisi arudi Jumapili. "Wakimchukua, hiari yake," aliniambia tukiwa ofisini kwake, Lugano amesimama karibu na mlango. "Wasipomchukua, Jumatatu saa mbili asubuhi mkaguzi anakuja kumwona akifundisha. Ni mtihani wake wa mwisho. Mkaguzi huyu hampitishi mwalimu anayekaa wala anayeegemea. Asipokuwepo, au akija hawezi kusimama mbele ya darasa, miaka yake miwili hapa imekwisha bure. Umenielewa, bwana wa mpira?" Nikasema nimeelewa. Nje, Lugano aliniuliza, "Kaka, una hakika watanichukua?" Nikamwambia nina hakika. Alikuwa na miaka ishirini, na mimi nilikuwa mtu mzima wa kwanza aliyemwambia kwamba mguu wake una thamani. Aliniamini kama anavyoaminiwa daktari.

Alifika Mbeya Alhamisi jioni, na ubaridi wa mlima Loleza umeshashuka mjini. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Tusajigwe, mjane aliyepikia mafundi wa Iyunga, chumba kimoja chenye kitanda cha kamba na dirisha la ubao. Mama alipomsikia Lugano akimwamkia "mugonile" kwa adabu ya kwao alifurahi, akamjazia sahani ndizi na maharage, akamwekea na maziwa mgando pembeni, akiuliza ukoo hadi ukoo. Ijumaa asubuhi nilifunga mlango na kutoa njumu. Mguu wa kushoto uliingia hadi nusu. Wa kulia haukuingia kabisa. Lugano alivuta, akabana meno, akacheka, akavuta tena, kisha akaacha kucheka. "Kaka," akasema, "kwani lazima hii viatu?" Nikamwambia ni lazima. Akaiweka njumu chini. "Mbona kule chuoni hukunivalisha?" Nikamwambia haikuwa na haja, nilimwona anaweza. Alikuwa mwerevu, lakini alikuwa amelelewa kutomshuku mkubwa.

Basi tukafanya ujanja ambao vijana wa milimani tuliujua, wa kukitanua kiatu kigumu. Unajaza maharage makavu, unamwaga maji ya moto, unafunga mdomo wa kiatu kwa kamba na kukiweka karibu na jiko. Maharage yakivimba yanaisukuma ngozi taratibu mpaka inakubali. Nilikwenda kuyaomba kwa Mama Tusajigwe. "Ya kupika?" akauliza. Nikamweleza. Akaweka mkono kiunoni. "Maharage yangu ya kula watu ndiyo unataka uyatie kwa viatu! Elia, wewe ulianguka ukiwa mdogo?" Lakini alinipa, tena mengi, na akasimama pale akitazama maji ya moto yakimiminwa ndani ya njumu za kampuni, akitikisa kichwa.

Wakati maharage yanavimba nilikwenda karakanani, nimekata shauri kumwambia Bwana Shomari kila kitu. Naapa nilikuwa nimekata shauri. Nilizunguka nyuma ya lori lililoinuliwa kwa jeki, nikasikia sauti ya tajiri upande wa pili. "Shomari, yule kijana wa chuo wewe umemwona?" Bwana Shomari akajibu, "Sijamwona." "Sasa unampangaje kesho mbele ya mji mzima?" Nikasikia spana ikiwekwa juu ya bati. "Elia ameandika amevaa. Akiandika Elia, mimi nimeona." Nilisimama pale, uso wangu karibu na tairi. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Akikuamini hivyo mbele ya tajiri wake, wewe uko nyuma ya tairi unanusa mpira na matope, huna pa kupitia. Nilirudi kwa Mama Tusajigwe bila kuonana naye.

Saa kumi tuliyatoa maharage. Ngozi ilikuwa imetanuka, lakini mshono wa njumu ya kulia ulikuwa umeachia kando, upana wa kidole. Nilimkimbilia fundi viatu wa sokoni, akaushona kwa uzi wa tairi huku akinihoji viatu vimekula nini. Miguu ikaingia. Lugano akatembea uani, kuku wakimkimbia, akakanyaga kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, na Mama Tusajigwe akageuka upande asije akaonekana anacheka. Alipovua, visigino vyote viwili vilikuwa vimeshachubuka. Tulivipaka mafuta ya ng'ombe. "Kesho itakuwa nafuu," nikasema. "Ndaga, kaka," akasema, yaani ananishukuru.

Jumamosi ilianza na manyunyu na ikaendelea hivyo. Timu ya wachimba dhahabu wa kutoka Chunya ilikuja na lori zima la mashabiki, na watu wakauzunguka uwanja wakiwa wamejifunika magunia. Wachimbaji wote walivaa njumu. Lugano aligusa mpira wa kwanza, ukampita chini ya soli. Wa pili akaupiga, akaanguka yeye. Kufikia dakika ya ishirini watu walikuwa wanamcheka kila anapojaribu, na mmoja karibu yangu alisema, "Huyu wamemtoa chuo au wamemtoa hospitali?" Bao likaingia upande wetu. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, nikiuma kucha, najua kwa kila dakika inayopita Bwana Shomari anakaribia kuuliza swali. Lakini hata hapo, mambo yalikuwa hayajaharibika kwa Lugano. Angecheza vibaya, angechekwa, angepanda basi Jumapili, na Jumatatu saa mbili angesimama mbele ya darasa akiwa mzima. Mimi ndiye ningeharibikiwa. Hilo nililiona wazi wakati ule ule, sidai kwamba nililijua baadaye.

Wakati wa mapumziko Bwana Shomari alikuwa upande wa pili na tajiri. Upepo ulikuwa unaleta maneno yao vipande vipande, nikamsikia akisema, "Ana woga tu. Atatulia." Lugano alikuja kukaa karibu nami. Soksi zilikuwa zimeloa damu visiginoni. Alitazama kule wachezaji walikokuwa wanakunywa maji, akainamisha kichwa na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, nivue?"

Nilijua beki wa wachimbaji alivyokuwa anaingia, na sharti la Bwana Shomari nililijua, na kwa nini lilikuwepo, maana nilikuwa nalo kwenye vidole vyangu mwenyewe vilivyovunjika. Na nilijua kwamba akicheza pekupeku na kung'ara, hakuna atakayeniuliza habari ya barua. Nikamwambia, "Vua."

Kwa muda wa dakika kama kumi na tano uwanja ule ulimwona Lugano niliyemwona mimi kwenye mteremko. Sitasema mengi, inaniuma. Alisawazisha kwa mguu wa kushoto baada ya kuwaacha watatu, na wale waliomcheka walitupa magunia juu. Bwana Shomari alianza kukimbia kuzunguka uwanja, na nilidhani anashangilia, mpaka nikasikia anachopiga kelele. Ni mara ya pekee niliyomsikia akipaza sauti. "Mtoe! Yuko pekupeku! Mtoe nje!" Refa hakusikia. Beki wa wachimbaji, wala sidhani alikusudia, alikuwa amechelewa tu kama walivyochelewa wote, akashusha mguu pale mpira ulipokuwa. Niliusikia mfupa kutoka nilipokaa. Sauti yake ni ndogo, inafanana na mtu anayevunja kuni kavu nyuma ya nyumba.

Tulimbeba pembeni. Bwana Shomari alipiga magoti, akaushika mguu ule kwa mikono yake miwili yenye grisi, akaugusa kidole kimoja kimoja, Lugano akitazama mawinguni. Kisha akasimama na kunyoosha mkono kwangu. "Lete njumu." Nikampa. Akaikung'uta ya kulia kutoa tope. Pamoja na tope ikaanguka punje moja ya maharage, imevimba, ganda limeachia. Bwana Shomari aliitazama pale kwenye nyasi. Alikuwa amekaa nasi milimani miaka mingi, alijua mtu hatii maharage ndani ya kiatu kinachomwingia. "Elia," akasema, sauti imerudi chini kama kawaida yake, "nilimwambia tajiri nimeona." Alizifunga njumu pamoja kwa kamba zake, akazitundika begani, akaondoka nazo, na nilijua kazi yangu imekwenda nazo.

Jumapili alfajiri nilipanda basi na Lugano. Hakutaka twende hospitali. Wangemlaza, na Jumatatu ingempita. Mguu ulikuwa umevimba, tumeufunga kwa khanga ya Mama Tusajigwe, ameulaza juu ya mapaja yangu. Chimala tulikwama kwenye tope zaidi ya saa tatu, abiria wote wameshuka wanasukuma, yeye peke yake ndani, na nilipomchungulia dirishani nilimkuta anasogeza midomo. Nilidhani anasali. Alikuwa anarudia somo lake, hesabu za kugawanya, darasa la tatu. Njia nzima hakunilaumu. Mara moja tu, tulipokuwa tunapita Sao Hill, aliniuliza, "Kaka, ulijua sitaweza hii viatu?" Nikatazama miti. Nikamjibu kwamba mchezo hauna mwenyewe, lolote hutokea.

Jumatatu saa mbili nilikuwa nje ya dirisha la darasa lile, nimesimama kwenye bustani ya karoti za wanachuo. Lugano alikuwa amepasua raba yake kwa kisu juu na kandoni ili mguu uingie, kisha akaipaka chaki pasionekane pa kupasuliwa. Aliingia akitembea. Sijui alitembeaje. Mkaguzi alikaa nyuma, kitabu magotini, na mkuu wa chuo pembeni yake. Lugano aliwasalimu watoto, akaandika ubaoni, akageuka, akauliza swali, akamwita mtoto mbele, akampongeza. Sauti yake haikutetemeka. Lakini shati mgongoni lilikuwa limeloa jasho asubuhi ile ya baridi, na kila alipowapa kisogo ili aandike, niliona uso wake kutoka pale dirishani, na uso ule sitaki kuueleza. Somo lilikuwa la dakika arobaini. Hakuegemea meza hata mara moja. Mkaguzi alipofunga kitabu na kuitikia kwa kichwa akiwa ameridhika, mkuu wa chuo alitazama dirishani, akaniona, akatazama chini kwenye ile raba, nami nikaelewa kwamba alikuwa ameshajua. Lugano alisubiri wageni watoke, akawaruhusu watoto, kisha akaanguka. Daktari alisema baadaye kwamba mifupa ingeunga sawasawa kama asingeukanyaga. Alipata cheti. Mguu haukurudi.

Sikumwona tena. Nilisikia tu, kwa wasafiri wa barabarani, kwamba yuko mwalimu anayechechemea, anafundisha vizuri ajabu, huku na kule mkoani Mbeya, na kila niliposikia nilibadilisha mazungumzo.

Msibani Soweto walikuwa wamefunga turubai kutoka mlangoni hadi barabarani, na wanafunzi wake wa zamani, wengine wana mvi kunizidi, walikuwa wamejaa mpaka kwa majirani. Mwanamke mwenye umri wa makamo alinifuata nikiwa bado nimeshika begi. "Mugonile, baba. Wewe ni Mzee Elia?" Nikasema ndiyo, nikasubiri. Alikuwa Atupele, binti yake mkubwa, mwalimu naye. Alinishika mikono yote miwili na machozi yakamtoka. "Tulisema lazima uje. Sisi tumekua na habari zako. Mtoto akikataa kusikia la mkubwa hapa nyumbani, anasimuliwa Mzee Elia." Nikamuuliza, habari gani. Akanishangaa. "Si ile ya njumu! Kwamba wewe ulimkataza. Ulimwambia, Lugano, usivue, watakuvunja. Baba kwa ubishi wake akavua."

Walinikalisha kiti cha mbele, pamoja na wazee wa kanisa. Kabla ya mwili kutolewa, Atupele alisimama akasimulia maisha ya baba yake, na alipofika mwaka ule alininyooshea mkono watu wanione, akaeleza yote, jinsi nilivyomsihi na jinsi asivyosikia, na jinsi baba yake alivyokuwa akisema hajutii, maana kosa lilikuwa lake mwenyewe. Watu wakaitikia kwa kunipongeza. Kisha akanigeukia mbele ya wote, mbele ya jeneza, akauliza kwa upole, "Ndivyo ilivyokuwa, baba?"

Nikasema, "Ndivyo."

Nimerudi Ilula wiki ya tatu sasa, na nyanya zinaoza. Nimejaribu kuelewa kwa nini Lugano aliisimulia hivyo. Huenda alinihurumia. Huenda ni zaidi ya hapo: mtu anayechechemea maisha yake yote afadhali achechemee kwa uamuzi wake kuliko kwa sababu ya woga wa mtu mwingine, na kama ndivyo, basi ninachoandika hapa namnyang'anya kitu cha mwisho alichojipatia. Nimelifikiria hilo sana. Lakini mwaka ule niliandika neno moja la uongo kwenye barua, na mwezi huu nikaongeza lingine mbele ya jeneza, na mimi sina muda wa kusubiri nafasi nyingine. Kurasa hizi, kabla hajazisoma mtu yeyote, zinakwenda Soweto kwa mkono wa dereva wa basi, kama zilivyokwenda barua zangu za zamani.

Atupele, mwanangu, baba yako hakuwa mbishi. Aliniuliza, na mimi ndiye niliyemwambia avue.